Kioo Kwenye Ukuta wa Mama

Free Area, Nakuru
9 Juni 2024

Kwa ndugu yangu Muturi,

Pokea salamu za hapa nyumbani, na zinakuja kwa zamu. Kwanza za shemeji yako Kang'ethe, bado anaendesha lori la viazi la Molo, na akirudi nyumba yote inanuka udongo wa baridi. Halafu za binti yangu Wangechi mdogo, aliyerithi jina la Mama, ambaye mjomba wake bado hujamwona. Ameota jino la pili na ananiuma nikimnyonyesha, kisha ananiangalia aone nitafanya nini. Mimi niko sawa. Nimekupigia simu mpaka nikachoka kuambiwa hupatikani, ndio nikakumbuka ulisema huko mlimani netiweki haifiki. Nimenunua karatasi. Mwandiko wangu unaujua tangu shule, uvumilie.

Mama hajambo mwilini. Lakini kabla sijafika kwa mambo ya Mama, niambie jambo moja. Hiyo kazi ni ya nini hasa? Ulipoondoka na yule mama wa majengo ya kale ulimwambia Mama unaenda kutengeneza ngome. Sasa Mama, kwa kuwa kanisani wanaomba kila Jumapili "Bwana wewe ndiwe ngome yetu", amewaambia watu wote wa Longonot kwamba mtoto wake alipelekwa ng'ambo kujenga kanisa linaloitwa Ngome. Umeombewa mbele ya kanisa, umesimamiwa. Mimi nimenyamaza.

Sasa sikiliza. Zile mvua za Aprili zilipasua ardhi. Mpasuko ulianzia kwa jirani, ukapita chini ya ua, ukakata maharagwe ya Mama katikati, na umefika kwenye nyumba. Ni ufa, Muturi, lakini si ufa wa kuruka. Nilitupa jiwe nikasikia likigonga, likagonga tena, halafu sikusikia kitu. Ukuta wa upande wa jikoni umepasuka kutoka chini mpaka karibu na mabati, mkono wangu unaingia ukiwa umelala. Watu wa serikali walikuja wakasema wote wahame. Majirani wawili wamehama. Mama amekataa. Anasema alizaa hapo, na baba amelala hapo nyuma ya ndizi.

Nimemwomba aje hapa Free Area, akasema, "Wewe ni mtoto, Wanjugu. Muturi akisema nitoke, nitatoka. Lakini aniambie uso kwa uso, si kwa karatasi." Sasa nifanye nini? Njoo umwambie.

Ni mimi dada yako,
Wanjugu


Ngomeni
21 Julai 2024

Wanjugu wa mama,

Barua yako imefika ikiwa na alama ya kikombe, nadhani imetumika kama kisahani huko njiani. Nimefurahi sana. Nimeisoma nikiwa juu ya ukuta, miguu ikining'inia, wenzangu wakauliza ni mwanamke gani huyo ananifanya nicheke peke yangu. Mbusu Wangechi mdogo. Mwambie meno si ya kuuma mama.

Kwanza Mama mwambie ukweli polepole. Hili si kanisa. Ni nyumba ya watawa wa Budha, na ni ngome ya kweli, ya vita. Vyote viwili pamoja. Jina lake ni refu kwa lugha yao; maana yake ni Ngome ya Mwamba wa Kunguru. Imekaa juu ya ncha ya mlima mahali mito miwili inakutana, kama mtu aliyechuchumaa juu ya ukuta akiangalia nani anakuja. Kuna mlango mmoja tu. Nyumba yote ni kuta nene za mawe na udongo, zimepakwa chokaa nyeupe, na juu karibu na paa kuna mshipi mwekundu umezunguka. Kuta haziendi juu wima. Zinaegemea ndani kidogo kidogo, chini nene juu nyembamba, kama mtungi uliogeuzwa. Chini hakuna madirisha, ni vitundu vya kupitisha mshale. Madirisha makubwa yako juu kule adui hafiki. Katikati ya ua kuna mnara. Nusu ya jengo ni ya watawa na sala zao, nusu ilikuwa ya chifu, kodi na ghala za nafaka.

Wazee wanasema iliwekwa karibu miaka mia nne iliyopita, na mtawala aliyekuwa mtawa, wakati maadui walikuwa wakishuka kutoka kaskazini kila baada ya mavuno. Hakukuwa na ramani ya karatasi. Fundi mkuu alikuwa nayo kichwani. Mbao zote zimeshikana kwa meno, hakuna msumari hata mmoja. Mimi nilitafuta.

Na hapa pia kuna ufa. Ndio tuliitiwa. Ukuta wa mashariki umepasuka.

Kuhusu Mama: siwezi kuja sasa, kazi imefunguliwa na haiachwi ukuta ukiwa wazi. Lakini fanya hivi, ndivyo tunafanya hapa. Chukua kipande cha kioo cha dirisha, chembamba, kirefu kama mkono. Kibandike kwa simiti kikivuka ufa, upande mmoja hapa na mwingine pale. Tunakiita shahidi. Kioo hakivutiki. Ukuta ukitembea hata kidogo, kioo kinavunjika. Kikikaa kizima, ufa umelala. Mwambie Mama huyo shahidi ni mimi. Kikivunjika ni mimi nimesema atoke.

Muturi


Free Area
1 Septemba 2024

Muturi,

Salamu nyingi, na habari ya kwanza ni kwamba Wangechi mdogo anasimama akishika kiti. Habari ya pili, Kang'ethe aliteleza Molo akashonwa goti, sasa ni mzima, anatembea kama askari.

Tulienda Longonot na kioo. Kang'ethe alikichanganyia simiti kwenye sufuria mbovu, tukakibandika ukutani upande wa jikoni. Mama alisimama na mikono kiunoni. Nikamsomea maneno yako yote. Nilipofika kwa habari ya watawa aliuliza, "Wana sanamu?" Nikasema sijui, hukuandika. Halafu akasema, "Lakini wanaomba?" Nikasema ndiyo wanaomba. "Haya. Kanisani tusiseme kitu. Wamwombee tu."

Amekubali. Aliweka kidole kwenye kioo akasema, "Hiki kikivunjika, naenda na wewe Nakuru. Sitabishana." Nilitaka kulia kwa furaha, Muturi. Umeona vile umesaidia ukiwa mbali?

Lakini umeniharibia mahali pengine. Nilipomaliza kusoma akaniambia, "Kwa hivyo hao watu wamekaa na nyumba yao miaka mia nne, na ina ufa, na bado wanaomba ndani? Na mimi wangu ufa ni wa mvua moja." Sasa kila jirani akimwambia ahame, anawaambia habari ya Ngome ya Kunguru. Joyline, yule jirani wa ng'ambo ya ufa, amechoka. Ananiambia, "Mama yako amekuwa mtawa."

Na ufa wenu unaendeleaje? Hukusema. Na utakuja lini? Hukusema pia.

Dada yako,
Wanjugu


Ngomeni
6 Oktoba 2024

Wanjugu,

Goti la Kang'ethe pole. Hapa baridi imeanza ya kweli, asubuhi maji ya ndoo yanavaa ngozi. Nimepewa kanzu nzito na mzee mmoja, mwalimu wa watawa, tunamwita Lopen. Huyu mzee anapenda kuniuliza habari za nyumbani. Nilimwambia Mama husiriba nyumba kwa udongo, majivu na mavi ya ng'ombe, akacheka mpaka akashika nguzo. Akanipeleka nyuma ya ghala. Kuna wanawake huko, wanakanyaga udongo kwa miguu wakiimba, wanachanganya na majani makavu na mavi ya ng'ombe. Ni kitu kimoja. Hapa pia kusiriba ni kazi ya wanawake. Nilikaa hapo nikanusa. Sikujua harufu ya mavi inaweza kumliza mtu.

Hii si ngome ya kwanza hapa. Ya kwanza iliungua, taa ya siagi iliangushwa na paka, ndivyo wanasema. Ikajengwa. Likaja tetemeko likaangusha mnara. Ikajengwa tena, kila nyumba ya bonde ilitoa mtu wa kubeba mawe. Adui walipoizunguka, watu waliteremka kwa ngazi iliyofichwa ndani ya mwamba wakachota maji mtoni, hao nje wakangoja kiu iwamalize mpaka wao wenyewe wakarudi kwao. Ngazi bado ipo, lakini sasa imejaa mawe.

Ufa wetu. Tuliweka mashahidi kwenye ukuta wote wa mashariki. Wengi wamevunjika. Mhandisi anasema mwamba wenyewe chini ndio unasogea, na sisi tunashughulika na shati la mtu mwenye ugonjwa ndani. Tumemwambia Lopen watawa watoke upande huo. Anasema watatoka baada ya sherehe. Anasema kila kitu kilichojengwa kitaanguka. Nikamuuliza, sasa mbona tunatengeneza? Akasema, "Kwani wewe huli kwa sababu kesho utakuwa na njaa?"

Labda nitakuja Krismasi.

Muturi


Free Area
17 Novemba 2024

Ndugu yangu,

Hata salamu nimesahau, nimefurahi sana! Habari zako? Sisi wazima. Mtoto anatembea! Hatua chache halafu anakaa chini kama mtu aliyekumbuka kitu.

Nilimpelekea Mama barua yako Jumapili. Nilimsomea nje, tumekaa kwenye ndoo. Aliposikia habari ya wanawake wanaokanyaga udongo akasema, "Waambie waweke majivu mengi, hayo ndiyo yanazuia kupasuka." Kwa hivyo nimekuambia, uwaambie.

Na nilipofika mwisho, Muturi, usinikasirikie. Ile labda niliiruka. Nilisoma, "Nitakuja Krismasi." Uso wake ulikuwa hapo karibu na wangu, ningefanyaje? Ni neno dogo. Na nimefikiri, ukikuja, hiyo labda haitakuwa na maana tena, na usipokuja, nitasema ni hiyo labda ndiyo iliyokuzuia. Lakini utakuja.

Tangu siku hiyo huwezi kumshika. Ameomba mavi ya ng'ombe kwa Joyline, ameleta udongo mwekundu kutoka kwa barabara. Anataka kusiriba nyumba yote, ndani na nje. "Mtoto hawezi kukuja kutoka nyumba kubwa hivyo akute yangu imechakaa." Kioo nilikiangalia, kizima. Mvua za vuli ni kidogo tu.

Niandikie siku ya ndege.

Wanjugu


Ngomeni
29 Desemba 2024

Wanjugu,

Natumai mlikula Krismasi vizuri, na Kang'ethe alipata likizo. Mbuzi alichinjwa? Mtoto alionja?

Sikuweza kuja. Theluji ilifunga njia ya juu tangu mwisho wa Novemba na hakuna kitu kinapanda wala kushuka. Hapa unaamka unakuta nyeupe mpaka macho yanauma. Mlima unakuwa kama haupo. Mwambie Mama nina kanzu mbili na soksi za manyoya, asiwaze.

Sherehe yao ilikuwa wiki ya pili ya mwezi huu. Ungeona! Ua wote ulijaa watu, wamevaa nguo zao nzuri, watoto wamebebwa mabegani. Watawa walicheza na sura za mbao, za kulungu, za mashetani yenye meno, ngoma zikilia ndani ya kuta mpaka unasikia kifuani. Magari yalijaa chini ya daraja mpaka yakakosa mahali. Alfajiri ya siku ya mwisho walifunua picha kubwa ya kitambaa, imening'inizwa kutoka paa mpaka chini, watu wakapita chini yake na vichwa vyao wakiigusa. Mimi pia nilipita. Usimwambie Mama.

Ukuta wa mashariki bado umesimama. Watawa bado wako ndani yake.

Muturi


Free Area
9 Februari 2025

Kwa Muturi,

Tuko wazima. Jua ni kali, vumbi linaingia mpaka kwenye chapati. Kang'ethe anakusalimia.

Krismasi Mama alikaa barabarani. Sikuelewa kwanza, nilidhani ameenda kununua chumvi. Alikuwa amevaa ile kofia ya kanisa, amekaa kwenye jiwe pale magari yanashukia, na kila gari likisimama anainuka. Joyline alimpelekea chai huko huko. Nilifika na mtoto mchana, tukangoja naye; barua yako ilipofika Januari ndio nikamwambia njia ilifungwa na theluji. Hakuuliza theluji ni nini. Alisema, "Basi ni njia."

Nyumba aliisiriba, Muturi. Ni nzuri! Ile rangi nyekundu ya udongo, laini kama chapati, na hapo chini amezungusha mstari wa majivu. Ule ufa wa jikoni hauonekani tena. Nilifurahi nikapitisha mkono. Halafu nikauliza, "Mama, na kioo?" Akasema, "Kiko tu hapo ndani. Nimekifunika kisishike baridi," akacheka. Nilicheka pia. Ukuta ulivyo laini hivyo ningesema nini? Nilijiambia kama ufa ungekuwa unatembea, udongo mpya ungepasuka. Na haujapasuka. Hiyo si ni dalili nzuri?

Jambo moja tu. Umesema njia ilifungwa tangu Novemba. Halafu umesema kwa sherehe ya Desemba magari yalijaa chini ya daraja. Nimesoma mara nyingi. Mama nilimsomea theluji, sherehe sikumsomea.

Sikuulizi kitu.

Wanjugu


Ngomeni
16 Machi 2025

Wanjugu,

Unasoma vizuri. Mwalimu wako wa darasa la nane hakupaswa kukuruhusu uache shule.

Kwangua huo udongo. Tafadhali. Leo ukipata hii, usingoje Jumapili. Udongo mbichi wenye mavi unavutika kabla haujapasuka, unaweza kumdanganya mtu miezi. Kwangua hapo upande wa jikoni mpaka uone kioo, kabla ya mvua ndefu. Nimemwomba dereva anayeleta mchele aipeleke hii mpaka mjini kwa mkono wake, na huko kuna mtu amesema atajaribu. Nimejaribu simu kutoka kwa kilima, nikasikia "halo" yako moja tu. Ilikuwa wewe? Au ilikuwa Mama?

Ukuta wa mashariki tumeufunga kwa magogo. Lopen amekubali watawa watoke. Yeye mwenyewe amebaki, anasema mtu mmoja ni mwepesi.

Nitakuja mwezi wa sita, labda.

Muturi


Free Area
27 Aprili 2025

Ndugu yangu Muturi,

Mama yuko hapa na mimi. Nimeandika hilo kwanza ili usisome haraka ukitafuta. Yuko hai, anakula kidogo. Wangechi mdogo anamfuata kila mahali akimwita "Kechi", kama rafiki yake.

Barua yako ya Machi imefika Alhamisi. Nyumba ilienda Jumamosi ile iliyotangulia.

Mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi mfululizo. Mama alikuwa kwa Joyline, mchana, wakimenya viazi vya mkutano wa kanisa. Wakasikia kama lori linamwaga mawe. Joyline anasema Mama hakukimbia. Aliweka kisu chini, akafuta mikono, akasema, "Ni yangu hiyo." Walipofika, ndizi zilikuwa zimeenda, nyumba imeenda na vitanda na ile kofia. Ilibaki pembe moja ya ukuta wa jikoni, imesimama peke yake ukingoni kama mtu aliyeachwa na wenzake. Hata kaburi la baba limeenda, Muturi. Nilikuwa sijui nitakuandikiaje hilo, sasa nimeandika.

Nilienda kesho yake na mtoto mgongoni. Polisi walikuwa wameweka kamba, nikapita chini yake. Kipande cha ile pembe kilikuwa kimeanguka upande wa nyasi, na ndani yake ilikuwa simiti ya Kang'ethe na kioo. Kimevunjika. Nilifikiri kimevunjika na hiyo kuanguka. Halafu nikakiangalia vizuri. Katikati ya vile vipande viwili kulikuwa na udongo mwekundu, ule wa Krismasi, umekauka, umeingia mpaka ndani. Na ulikuwa na alama ya kidole, umesukumwa. Mtu aliujaza hapo kioo kikiwa kimeshavunjika.

Nikakileta hapa nikiwa nimekifunga kwa leso. Nilimwonyesha Mama tukiwa tumekaa tu, mtoto amelala.

"Hiki ulikiona?"

Akasema, "Kilivunjika ulipokwenda tu. Ile Jumapili ya barua."

"Na hukuniambia?"

"Ungenihamisha."

"Si tulikubaliana, Mama! Uliweka kidole chako hapo!"

Akaniangalia kama vile mtu anaangalia mtoto anayeuliza swali la wazi. "Muturi alisema anakuja. Angekuja akute nini? Shimo? Mtu hafungi mlango mgeni akiwa njiani, Wanjugu. Nilisema nitatoka akishafika."

Nimeosha vyombo vyote vya nyumba, hata visafi.

Sikumwambia habari ya neno nililoruka. Na wewe, ukimwona, usimwambie habari ya magari chini ya daraja. Sisi wawili tujue peke yetu.

Hapa ploti, kwenye nyumba za kupanga, kuta ni za mawe na simiti, hakuna cha kusiriba. Asubuhi anapitisha kiganja ukutani, anatafuta kitu cha kulainisha, anakosa, anakaa. Jana aliniuliza wale wanawake waliweka majivu? Nilisema labda waliweka.

Leo ameniambia nimsomee barua yako tena. Nimesoma yote, hata habari ya Lopen kubaki peke yake, na hapo akatikisa kichwa akasema, "Huyo mzee ningemwelewa." Nikafika mwisho. Safari hii sikuruka. Nilisoma polepole, "Nitakuja mwezi wa sita, labda."

Mama akasema, "Ameandika labda?"

"Ndiyo, Mama."

"Na ile ya Krismasi, mbona hakuandika?"

Mtoto alikuwa ameamka analia. Nilimchukua nikamwambia Mama wino ulikuwa hafifu hapo mwisho, nitaangalia tena.

Njoo, Muturi. Ukiandika siku, andika bila hilo neno, au usiandike, uje tu.

Wanjugu wa mama